Maharage Saba Juu ya Ungo

"Usisimame! Pita pembeni yake!"

Maneno hayo yalitoka mdomoni mwa Emérence. Alikuwa ndani ya jeep, mtoto wake wa miaka sita mapajani, na jeep ilikuwa inaelekea mteremkoni.

Na mtu aliyesimama katikati ya barabara, mikono juu, alikuwa mume wake wa ndoa. Ndoa ya kanisani!

Ndiyo, mmesoma vizuri. Msirudi juu kusoma tena.

"Shuka! Shukeni wote!" mume alikuwa anapiga kelele.

"Pita, Papa Théogène! Huyu anataka kutuharibia!"

Lakini kilichomshtua Emérence si mume wake kusimama njiani. Ni aliyekuwa amemshika mume huyo kiunoni asianguke...

Mama yake mzazi!

Mama mkwe, amemkumbatia mkwewe, mbele za watu, mchana kweupe! Kwa watu wa milima ya Masisi wakati ule, mama mkwe na mkwewe hata chombo cha chakula hawakigusi pamoja. Haingii chumba anacholala mkwewe. Akimwona njiani anapisha. Leo amemshika kiuno!

Jamani, hapo hata mimi mara ya kwanza nilipohadithiwa niliacha kutafuna.

Huyu Emérence ni bibi yangu. Na yule mtoto wa mapajani, Sidonie, ndiye mama yangu aliyenizaa. Kwa hiyo kama jeep ile ingeshuka ule mteremko, msingekuwa mnasoma kitu hapa. Tulieni niwarudishe nyuma kidogo.

Mwaka ni 1956. Mahali ni Bihambwe.

Damien, mume wa Emérence, alikuwa dereva wa mzungu mmoja mwenye shamba la pareto. Miaka minane anamwendesha. Mzungu alipofunga virago kurudi kwao, badala ya malipo ya mwisho alimwachia Damien jeep yake. Jeep ya vita, ya kijani, turubai limechanika, taa moja kipofu.

Mtu mweusi mwenye jeep yake, mwaka ule! Watu walikuwa wanatembea kutoka Nyabiondo kuja kuishika tu.

Damien akawa anabeba akina mama na magunia yao ya maharage kwenda sokoni. Maisha yakaanza kunyooka.

Halafu mwezi wa tatu, jeep ikaacha barabara, ikatumbukia kwenye shamba la mihogo.

Damien akavunjika mguu. Na abiria mmoja, Nyirabagenzi, mama yake Emérence, akavunjika mkono. Mguu ulifungwa vibao lakini mfupa ulikataa kushika vizuri. Mkono nao uliunga, ila uliunga umepinda, vidole vinatazama pembeni. Mama mtu mzima akawa anamenya mihogo kwa mkono mmoja, mihogo ameibana kwa goti.

"Ilikuwa mvua," Damien alisema. "Njia ilikuwa inateleza. Mvua njo ilitutupa."

Kwetu "njo" ni "ndiyo", msiishangae. Kila mtu alikubali. Masisi, mwezi wa tatu, nani atabisha kuhusu mvua?

Sasa shida yenyewe ni hii. Nyumba waliyokaa ilikuwa ya shamba la pareto. Bosi mpya alitaka nyumba yake mwisho wa mwezi wa sita. Mzee Kanyamibwa, jirani, alikuwa anahama, anaachia shamba lake la mlimani: maharage, mihogo, na kijumba cha udongo. Anataka faranga elfu kumi na tano. Na alikuwa na mtu mwingine anayemsubiri.

Kwa hiyo: jeep iuzwe, shamba linunuliwe, familia iwe na pa kulala. Isipouzwa vizuri, wako barabarani na mtoto na bibi mwenye mkono mmoja mzima.

Rahisi, si ndiyo? Swali likabaki moja tu. Jeep kuukuu, unaitajia bei gani?

Weee! Hapo ndipo kila mtu Bihambwe akawa mtaalamu!

"Ng'ombe ikizaa mara tano, bei inapanda," alisema shemeji mmoja. "Hii jeep imetumika miaka munane bila kukufa. Njo kusema iko nguvu! Ombeni elfu makumi tatu."

"Inatoka mu jamaa ya muzungu," alisema mwingine. "Ukoo muzuri. Ongezeni."

Jamani, walikuwa wanaipangia jeep bei kama ng'ombe! Ukoo wake, uzao wake, tabia yake! Mtu mmoja hata aliifungua mdomo wa mbele kuangalia, nadhani alikuwa anatafuta meno.

Wakaitajia elfu thelathini. Wiki mbili nzima hakuna aliyekuja. Wanunuzi walisikia bei, wakacheka, wakarudi kwao.

Emérence akaona huu mchezo utamlaza nje. Mwanamke huyu hakusoma shule, lakini kichwa kilikuwa kimekaa vizuri. Asubuhi moja alichukua ungo, akamwaga maharage, akaenda kukaa kando ya kitanda cha mume wake.

"Papa Sidonie, mpya inauzwa ngapi kule Goma?"

"Hii aina, ikiwa nzima, hata makumi tatu."

Akahesabu maharage thelathini, moja kwa kila elfu.

"Haya. Mipira?"

"Imekwisha yote ine."

Akatoa maharage manne.

"Turubai?"

"Toa moja."

"Taa? Na ile bumper yenye ilipondeka?"

"Moja tena."

"Batri?"

"Toa mbili."

"Na uzee wake?"

Damien alifikiri. "Toa saba."

Yakabaki kumi na tano. Emérence akayahesabu tena. Kumi na tano! Sawasawa kabisa na shamba la Kanyamibwa! Alicheka peke yake kama mtu aliyeokota kitu.

Halafu... Damien akanyoosha mkono wake polepole. Akachukua maharage mengine saba kutoka kwenye ungo. Akayashika kwenye kiganja.

"Bei yake ni munane," alisema.

"Hizo saba ni za nini?"

Damien akafunga kiganja.

"Papa Sidonie, nakuuliza. Mipira tumetoa. Batri tumetoa. Uzee tumetoa. Hizo saba ni za nini?"

"Ni bei yake."

"Kwa nini?"

"Ni bei yake, Mama Sidonie! Usiniulize tena."

Akageukia ukutani. Na mkono ulioshika maharage hakuufungua.

Wapenzi, ninyi mngefikiri nini? Semeni ukweli. Mwanaume anakata nusu ya bei, hataki kusema kwa nini, anageukia ukuta!

Emérence alinyamaza. Lakini kunyamaza kwake kulikuwa na masikio.

Siku ya tatu alitoka shamba akiwa na kikapu cha mihogo kichwani, akasikia sauti chumbani kwa mume wake. Akasimama nje, chini ya dirisha.

"...njo kusema elfu munane, na wewe unajua kwa nini," Damien alikuwa anasema.

"Tumeelewana, kaka," sauti ya mwanaume ikajibu. "Lakini bibi yako, Mama Sidonie?"

"Bibi yangu asijue. Tafazali. Yeye asijue kabisa."

Kikapu kilimteleza. Mihogo ikamwagika miguuni mwake... na hakuinama kuiokota.

Asijue?! Asijue nini? Kwamba elfu saba zinapita pembeni? Zinaenda wapi? Kwa mwanamke gani?

Mgeni alikuwa Evode, fundi kutoka Walikale. Alitoka akamsalimia kwa heshima zote, "Salama, Mama," akaenda zake. Akaahidi kurudi Jumamosi na pesa.

Sasa hapa kuna jambo la ufundi kidogo, msiogope. Ndani ya injini ya jeep kuna kipande kidogo, urefu wa kidole gumba, kinachozunguka na kugawa moto kwenye plagi za injini. Wao walikiita kidole ya delko. Ukikitoa, injini haiwaki hata umwite padri. Tangu siku ya kwanza Damien alikuwa anakitoa kila jioni na kumpa mke wake akitunze, wezi wasije.

"Mwenye kushika hii njo mwenye gari," alikuwa anamtania.

Emérence alikifunga kwenye kona ya kitenge chake, mafundo mawili. Jumamosi Evode alipokuja, mwanamke alisimama mlangoni.

"Jeep haiuzwe."

"Mama, tumeshaongea na Papa..."

"Muongee tena. Kidole iko kwangu."

Damien alimwita kutoka ndani. Aliita mara tatu. Hakuitikia hata moja. Evode aliangalia chini, akasema atakuwa Masisi mjini hadi Jumatatu kama watabadili mawazo, akaondoka.

Mchana uleule Emérence alitafuta mnunuzi wake mwenyewe.

Théogène alikuwa mkulima wa Nyabiondo, mtu mzito, mwenye ng'ombe na maneno machache. Alitaka gari ya kubeba akina mama wa soko na maharage yao. Alizunguka jeep mara mbili, akapiga mipira teke.

"Unaomba ngapi, Mama Sidonie?"

Emérence akamhesabia vilevile kama kwenye ungo. Mipira imekwisha. Turubai limechanika. Taa. Bumper. Batri. Uzee. Hakuficha hata kimoja alichokijua!

"Kumi na tano," alimaliza. "Kama unaona kuna kitu nimeruka, sema."

Théogène aliinua turubai lililochanika, akaliachia.

"Muuzaji mwenye kunitajia ubaya ya kitu yake sijaonaka," alisema. "Kumi na tano iko bei ya haki."

Bei ya haki! Mwanamke alijisikia kulia. Huyo pale, mtu mgeni, amekubali. Na baba wa mtoto wake alitaka kuitupa kwa nane!

Jumatatu asubuhi Théogène alileta elfu kumi mkononi. Emérence akazifunga kwenye kitenge, upande wa pili wa kidole cha delko.

"Tano inabakia," alisema Théogène. "Nitatoa tukisha kunywa maziwa."

Mnajua hiyo? Huko milimani, ukinunua ng'ombe wa maziwa, muuzaji anamkama mbele yako, na yeye mwenyewe anakunywa wa kwanza. Na mtoto wake anakunywa. Ndipo wewe unamchukua ng'ombe. Ni desturi tu, hakuna anayekasirika.

"Jeep haina maziwa," Emérence alicheka.

"Njo tuipande. Wewe na mutoto wako. Tushuke mpaka ku muto, turudie. Ile njo maziwa yake."

"Sidonie! Kuja tupande!"

Mtoto alikuja mbio, furaha haimtoshi. Emérence alikabidhi kidole cha delko, Théogène akakiweka mahali pake, akazungusha manivela, ule mpini wa kuwashia, injini ikanguruma.

Bibi Nyirabagenzi alikuwa jikoni, mhogo magotini. Alisikia ngurumo. Akachungulia. Akaona binti yake na mjukuu wake wamekaa mbele, wanapunga mikono kama maharusi!

Jeep ilipanda kwanza kwenda kanisani kugeuka, maana pale tu ndipo palikuwa na tambarare. Kutoka kanisani ilibidi irudi ipite mbele ya nyumba, halafu ndiyo uanze mteremko wa mtoni. Mteremko ule ni kilomita mbili, kulia mlima, kushoto hakuna kitu.

Bibi alitupa kisu.

Akaenda hadi kwenye mlango wa chumba cha mkwe wake. Mlango ambao hajawahi kuuvuka tangu siku binti yake alipoolewa. Akasimama. Sekunde moja tu.

Akaingia.

"Damien! Wamepanda! Emérence na mutoto, wanaenda ku muto!"

Mama yangu anasema hadi leo hajui babu alitokaje kitandani. Fimbo upande mmoja, mama mkwe upande wa pili, mguu unaburuzwa. Wakafika barabarani wakati jeep inarudi kutoka kanisani.

Na hapo ndipo mlipoanza nami.

"Usisimame! Pita pembeni yake!"

Théogène, Mungu ambariki, hakumsikiliza. Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Jeep ikalia, ikaserereka, ikasimama. Kati ya bumper na fimbo ya Damien palibaki nafasi ya kiganja kimoja.

Vumbi likatua taratibu. Sidonie akaanza kulia.

"Papa Damien, unataka kufa?" Théogène alitweta. "Kuna nini?"

Damien pumzi zilikuwa zimekwisha. Jasho linamtiririka, macho yako kwa mke wake. Akanyoosha fimbo, akaelekeza chini ya jeep, upande wa gurudumu la mbele.

Emérence alishuka na hasira zake zote.

"Ni nini tena? Unataka kuonyesha nini?"

Akapiga magoti. Akalala chali kwenye vumbi, na kitenge chake kizuri, akajisukuma chini.

Mwanzoni aliona grisi tu. Nyingi, imepakwa kwa makusudi. Akaifuta kwa kiganja. Chini yake palikuwa na kile chuma kirefu kinachopokea amri ya usukani na kuipeleka kwenye magurudumu. Chuma kilikuwa kimepasuka. Ufa unaingia kucha.

Na juu ya ufa, kimefungwa kwa waya. Mzunguko juu ya mzunguko.

Waya ule... una madoa ya rangi ya bluu.

Emérence aliutambua.

Niwaambie kuhusu waya huo. Mwezi wa pili, waya wa Emérence wa kuanikia nguo ulipotea uani. Waya mzuri, aliupaka yeye mwenyewe rangi iliyobaki ya madirisha ili usishike kutu. Aliutafuta kila mahali, halafu akaenda kusimama mbele ya nyumba ya jirani yake, Mukandori, akamwita mwizi mbele ya watu. Mukandori alikana, akalia, akaapa. Emérence hakumwamini. Tangu siku ile hawakusalimiana, hata kanisani.

Waya ulipotea mwezi wa pili. Jeep ilianguka mwezi wa tatu.

Kwa hiyo Damien alijua! Kabla ya kuanguka, alijua! Aliona ufa, akaufunga kwa waya wa nguo, akaupaka grisi, akampakia mama mkwe wake juu yake.

Haikuwa mvua.

"Mama Sidonie?" sauti ya Théogène kutoka juu. "Kuna kitu kule chini?"

Wapenzi wasomaji, simameni hapa na mimi.

Mwanamke yuko chini ya jeep. Kwenye kitenge chake kuna elfu kumi. Tano nyingine ziko mfukoni mwa mtu aliye juu yake. Shamba la Kanyamibwa liko kilima cha pili. Mwisho wa mwezi ni siku kumi na mbili. Grisi iko mkononi mwake, anaweza kuirudisha ilipokuwa kwa pigo moja la kiganja. Neno moja tu, "hakuna", na mtoto wake ana pa kulala!

Emérence akaifuta grisi ya kiganjani kwa kitenge chake.

"Papa Théogène," hatimaye Emérence alisema. "Inama. Kuja uone."

Théogène aliinama. Aliona. Aligusa ule waya kwa kidole.

"Siku ya soko ningepakia wamama munane," alisema taratibu. "Wa kwanza ni bibi yangu mwenye nilioa."

Emérence alitoka chini, mgongo wote vumbi, akafungua fundo. Akamrudishia elfu kumi. Théogène alizihesabu mara mbili, na sidhani alikosea kuzihesabu mara mbili. Kisha akamwambia, "Aksanti, Mama," akashika njia ya Nyabiondo kwa miguu.

Emérence akamgeukia mume wake.

"Ulijua."

"Nilijua." Damien alikuwa amekaa chini barabarani sasa. "Chuma mpya ilikuwa elfu mbili, na kuiagiza ni miezi mingi. Nilisema kwanza tukusanye feza ya shamba, chuma itangojea. Nikafunga waya. Siku ile waya iliteleza. Kisha, nikiwa nimelala chini yake na mguu umevunjika, nikaikaza tena ili watu waisukume mpaka ku nyumba."

"Na Evode?"

"Yeye anataka moteur tu, ile injini. Ya mashine ya kukoboa mupunga, kule Walikale. Nilimuonyesha yote. Wewe... wewe sikuweza kukuambia. Ningekuambia chuma, ungejua nani alivunja mukono ya mama yako."

Emérence alimgeukia mama yake.

"Mama, na wewe ulijua?"

Bibi Nyirabagenzi alikuwa anautazama mkono wake uliopinda.

"Nilisikia chuma ikilia chini ya miguu yangu," alisema. "Mvua ilikuwa bado haijaanza kunyesha."

"Na ukanyamaza! Miezi tatu!"

"Ningesema, ungekamata mutoto, umuache bwana yako. Nikaona mukono imeisha kupinda. Nyumba yako sikutaka ipinde pia. Nilikosea. Leo kidogo tu nilipe hiyo kimya kwa roho yako na ya mutoto."

Hata kuku walikusanyika kusikiliza, mama yangu anasema, lakini mama yangu naye huwa anatia chumvi.

Halafu Emérence aliuliza swali ambalo kwetu hadi leo likitajwa watu wanaangalia chini.

"Damien. Mukono ya mama yangu, uliiwekea bei gani?"

Hakumwita Papa Sidonie. Alimwita Damien.

Mwanaume akaingiza mkono mfukoni. Akafungua kiganja. Maharage saba, yamekuwa meusi kwa jasho.

"Saba," alisema, analia waziwazi. "Haiko bei yake. Najua haiko bei yake. Lakini sikujua namna ingine ya kuitoa."

Jioni ile walituma mtu kwa Evode, aliyekuwa bado Masisi. Emérence alimpokea mlangoni, yeye mwenyewe.

"Evode, mipira imekwisha. Turubai, taa, bumper, batri, uzee. Na chuma ya usukani imepasuka, bwana yangu aliificha na waya, na mama yangu akavunjika mukono. Bei ni munane. Kama iko mingi, sema."

"Haiko mingi, Mama. Haiko kidogo."

Akalipa. Nane zilinunua nusu ya shamba la Kanyamibwa, ile ya juu, yenye mawe, pamoja na kijumba. Ile ya chini nzuri alichukua mtu mwingine. Mimi nimekula maharage ya ile ya mawe utoto wangu wote. Ni madogo, yanachelewa kuiva, na msiyaseme vibaya mbele yangu.

Lakini kabla Evode hajaanza kufungua jeep, Emérence alimsimamisha.

"Jeep nimeuza. Waya sijauza."

Ng'ombe akiuzwa kwetu, kamba anabaki nayo muuzaji. Evode alielewa. Emérence akalala tena chini ya jeep, akaufungua waya mzunguko mmoja mmoja, vidole vikatoka damu. Akauosha kwa majivu hadi bluu ikaonekana.

Akaenda nao kwa Mukandori. Alimkuta anaanika nguo juu ya majani.

"Hii njo waya," Emérence alisema. "Ilikuwa kwangu. Nilikuita mwizi. Nitasema mbele ya batu, Siku ya Mungu, tukitoka kanisani, pale pale nilikutukania."

Mukandori aliutazama waya, hakuugusa.

"Unajua sababu gani naanika kwa majani?" aliuliza. "Bwana yangu alitaka kuninunulia waya. Nikakataa. Sababu ukiona waya kwangu, utasema ni yako."

Emérence alipiga magoti palepale kwenye nguo za watu.

Waya ulifungwa uani kwa Mukandori, na ulikaa pale hadi nyumba ile ilipoanguka kwa uzee. Mama yangu aliuona. Mimi niliona misumari yake.

Najua mtaniuliza kwenye komenti kama Emérence alimsamehe Damien. Alimfulia, alimpikia, alizaa naye watoto wengine watatu. Lakini kila alipotaka kununua au kuuza kitu, hata kuku, alimwita aje akae mbele ya ungo.

"Toa yenye unajua," alimwambia. "Na useme ni ya nini."

Hilo ndilo somo langu leo, na nawaambia ninyi mnaouza magari humu mtandaoni mkiandika "haina shida yoyote, ni kuingia na kuondoka". Babu yangu aliitaja bei ya haki lakini hakusema sababu yake, na kidogo tu amzike mke wake na mama yangu. Bei bila sababu haikutosha. Ukimpunguzia mtu, mwambie ni kwa nini, na ukishindwa kumwambia, usimuuzie.

Na kama wewe ni mnunuzi, mwambie muuzaji apande kwanza na mtoto wake, halafu mwangalie uso.